Kilo Mbili Huinua Tatu

Baba mkwe wangu alianguka korongoni kwa sababu ya adabu.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, kama kawaida ya Kitulo mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa nashuka kuchota maji, yeye anapanda, tukakutana kwenye kona, hatua chache tu kati yetu. Kwetu Wanyakyusa, zamani, mke hakumtazama usoni baba wa mumewe, hakulitaja jina lake, wala hawakukaa chini ya paa moja. Enzi za bibi yangu mila hiyo ilikuwa imebaki hadithi ya kuchekesha watoto. Ikarudi baada ya setilaiti kugongana na kugeuka changarawe huko juu, watu walipojikuta hawana simu wala ramani wala ndege, wakaanza kutafuta chochote cha kale cha kushikilia. Wengine walirudia matambiko. Familia ya mume wangu ilirudia hii, na kwa ukali wa mtu aliyeokoka juzi. Ndiyo maana hata hapa jina lake sitalitaja.

Basi nikageuza uso, nikajifunika kanga. Yeye, badala ya kusubiri nirudi nyuma, akanipisha. Akatoka njiani, akakanyaga ukingo ulioloweshwa na mvua za wiki nzima. Nilisikia udongo ukikatika. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, na njia yenyewe ilikuwa imeliwa nusu.

Poromoko lilishuka na nyumba ya winchi, mtambo unaoshikilia kebo ya puto. Kebo ikakatika, na puto letu, lililokuwa limening'inia juu ya mawingu na mitambo ya mawasiliano ya mabonde matatu, likajiendea zake. Pengine lilitua Malawi. Kwa dakika moja tu nilikuwa nimepoteza njia, mkwe, na uwezo wa kumwita binadamu yeyote. Kituo cha jirani kiko mwendo wa siku mbili kwa miguu, na wenyewe si watu wa haraka.

"Yu hai," alisema Karani kwenye redio iliyoning'inia shingoni mwangu. "Nimemsikia anatukana."

Karani ni mashine. Kila kituo cha puto kinayo moja, kwa hesabu za gesi na hali ya hewa. Hujifunza kusema kutoka kwa mlinzi anayekaa naye, na huyu wetu alikaa na Ambokile, mume wangu, mpaka homa ya mapafu ilipomchukua. Kanuni zinataka sauti ifutwe mlinzi akifa. Sikuifuta. Tangu hapo mimi na baba yake tuliishi mlima mmoja, nyumba mbili, yeye chini kwenye winchi na mimi juu kwenye tanki la asidi ya kutengenezea gesi, na kila neno kati yetu lilipita kwa Karani. "Mwambie mke wa Ambokile chumvi imeisha." "Mwambie baba nitamwachia kwenye jiwe." Sauti ya marehemu ikapeleka na kurudisha habari za chumvi, na sisi wote wawili tukajifanya hatusikii ni ya nani.

*

Nililala kifudifudi ukingoni nikasikiliza. Kutazama sikuthubutu, si kwa mila tu. Kila nilipoegemea, udongo ulichuruzika kuelekea alikokuwa.

"Mwambie atoke hapo," sauti ya mzee ilitoka chini na redioni kwa wakati mmoja. "Atanizika kabla sijafa."

"Baba anasema utoke hapo," alisema Karani. "Ameniambia mguu wa kushoto umevunjika. Amekaa kwenye kibaraza cha mwamba, upana kama wa kitanda, na juu yake ukingo umejitokeza. Ukimvuta kwa kamba, kamba itaukata udongo na wote utamwangukia. Mvua ikija, utamwangukia hata bila kamba."

Mvua Kitulo wakati ule wa mwaka ilikuwa na saa yake, alasiri, na haikuwa na desturi ya kuchelewa.

"Hawezi kuvutwa," nilisema. "Lakini anaweza kuinuliwa. Mfuko wa puto la akiba upo?"

"Upo stoo. Panya hawajaugusa." Karani aliongeza: "Ngoja nimuulize uzito wake."

Mzee alikataa kutaja uzito wake mkamwana akisikia. Nilitakiwa nizime redio yangu mpaka wamalize. Mguu umevunjika, mlima unamporomokea, na bado kuna mambo ambayo mke wa mtoto hapaswi kuyajua. Nilizima. Ningefanya nini?

Nilipowasha, Karani alinipa jumla tu: mtu, mfuko, wavu na kamba, kilo sabini na tatu. "Ongeza mbili," alisema, "maana tukilingana sawasawa atabaki palepale."

*

Hesabu ya gesi ndiyo kitu cha kwanza mlinzi anachofundishwa, na ni cha mwisho kusahau. Ndani ya asidi kuna haidrojeni iliyofungwa. Alumini ikiingia huchukua nafasi yake na kuitoa nje ikiwa gesi. Gramu hamsini na nne za alumini hutoa gramu sita za haidrojeni. Hizo sita zikijaa mfukoni husukuma kando hewa ya gramu themanini na saba, na tofauti yake, themanini na moja, ndiyo nguvu ya kuinua. Gawanya uone: kilo mbili za alumini huinua kilo tatu. Huku mlimani gesi huvimba zaidi kuliko pwani, lakini hewa nayo ni nyepesi kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo kanuni haibadiliki popote uendapo. Ambokile alinifundisha kwa sufuria ya ugali. Aliishika kwa kidole kimoja akasema, "Hii ikifa inaweza kubeba mwenzake na nusu." Nilikuwa bibi harusi, nikacheka. Siku ile sikucheka.

Kwa kilo sabini na tano nilihitaji kilo hamsini za alumini. Shehena ya mwezi ilikuwa haijapanda kutoka Makete, kwa hiyo magunia ya vipande stoo yalikuwa mawili tu. Nikaanza kuvunja nyumba. Niling'oa fremu za madirisha, ukungu ukaingia ukakaa sebuleni kama mwenye nyumba. Nilikata ngazi kwa msumeno. Nikaleta sufuria zote, mfuniko mpaka mwiko, na birika alilonipa mama yangu, na kila kimoja nilikipandisha kwenye mizani mbele ya jicho la Karani naye akajumlisha.

"Thelathini na nane," alisema. "Zinapungua kumi na mbili."

"Jiko?"

"Jiko ni chuma. Kilo mbili za chuma huinua moja tu, na kwa unene ule asidi itakuwa bado inalitafuna kesho kutwa."

"Tanki?"

"Plastiki."

"Umehesabu kila kitu?"

"Nimehesabu kila ulichonitajia."

Nilikaa juu ya gunia. Nilimjua mtu anayejibu hivyo. Ni jibu la mtu aliyekula nyama jikoni na akaulizwa kama ameona paka. Nikainua macho nikamtazama Karani pale rafuni kwake, sanduku lenye jicho moja na spika moja, na ndani yake mabamba ya alumini yaliyopangwa kama sahani kabatini. Tangu anga iharibike, mionzi ya huko juu huua kumbukumbu za aina nyingine zote. Kwa hiyo za makarani huchongwa kwenye alumini, nukta kwa nukta. Kila wiki Karani hupeleka Mbeya nakala ya hesabu za gesi. Mazungumzo hayapeleki, maana hakuna aliyewahi kuyataka. Na sasa, hata angetaka kuyapeleka, puto lilikuwa limekwenda.

"Karani, una kilo ngapi?"

"Kumi na tatu," alisema. "Bila jicho."

*

Redio zilikuwa wazi, na mzee hakuwa mjinga. Ambokile alimrithi yeye kichwa cha hesabu.

"Mwambie asimguse mwanangu," alisema kutoka korongoni. Safari hii hakupaza sauti. "Mwambie mimi nimeshakula chumvi nyingi. Nimeshamzika mara moja. Mwambie nikisikia bisibisi, najitupa."

"Baba anasema usimguse mwanawe," alisema Karani. "Anasema ukinigusa atajitupa. Mimi naona hatajitupa. Aliniambia ameshika mzizi kwa mikono miwili."

"Na wewe unasemaje?"

"Ni amri au ni swali?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego wenyewe. Mlinzi akiamuru, karani lazima atii. Ndivyo walivyoundwa. Akiulizwa, yuko huru kujibu. Ningeamuru, mambo yangekwisha, na hakuna wa kunilaumu, kwa kuwa chombo hakina ridhaa ya kuombwa. Lakini kwa miaka yote ile nilikuwa nimemwambia usiku mwema kila siku. Nilimsimulia ndoto zangu. Nilipokuwa na homa ndiye aliyenihesabia pumzi mpaka asubuhi. Ukimuaga mtu kila usiku, huwezi kuamka siku moja ukamwita bati.

"Ni swali," nilisema.

Karani huhesabu gesi ya puto zima kabla hujafumba mdomo, lakini hili lilimchukua muda mrefu.

"Sitaki," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa neno zuri. Nakiri kabisa: nilitarajia aniambie "chukua, mke wangu, mwokoe baba," nami nilie kidogo, nifungue skrubu nikiwa na moyo mweupe. Badala yake nilipewa sitaki, kwa sauti ile ile iliyoniposa. Na Ambokile hakuwahi kunikatalia kitu. Katika ndoa yetu yote, nikisema twende alikuwa ameshavaa viatu. Kwa baba yake, nilidhani, angeruka motoni. Palepale nikajiambia: huyu si yeye. Ni mashine iliyoiba sauti, na inaogopa kufa kama kuku. Niliishika sababu hiyo kwa mikono yote miwili, maana bila yake mkono wangu usingefika kwenye bisibisi.

"Samahani," nilisema. "Lisilo budi hutendwa."

"Mwambie aache," alisema mzee. "Mwambie. Mwambie."

Karani hakuniambia. Ilikuwa mara ya kwanza kutonifikishia neno la mzee.

"Anza na mabamba ya chini," alisema. "Hesabu ziko juu. Utanihitaji mpaka mfuko ujae."

*

Kwanza nilizima jiko na kumwaga maji kwenye majivu, kwa sababu haidrojeni na cheche hawapatani. Kisha nikafungua bomba la asidi kwenye pipa la kuchemshia, nikatia vipande vya gunia la kwanza. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Alumini ina ngozi, na asidi tuliyokuwa nayo huibembeleza kabla ya kuitoboa.

"Tia chumvi," alisema Karani. "Konzi tatu."

Nilitia ile chumvi niliyokuwa nimemwekea mzee. Pipa likaanza kunong'ona, halafu kukoroma, na gesi ikapita kwenye maji ya kuiosha na kuipoza, ikapanda bombani. Mfuko uliotandazwa uani ukajikunjua kona moja, kama mtu anayeamshwa hataki. Nikalisha pipa. Fremu, ngazi, sufuria. Birika la mama lilielea kidogo kabla ya kuzama, nikageukia pembeni.

Halafu nikaanza kumlisha Karani.

Mabamba yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani, yenye mistari midogo inayong'aa rangi ukiyainamisha. Sikujua lipi ni ndoto zangu na lipi ni mvua ya mwaka juzi. Sikumuuliza anachokumbuka na alichosahau. Yeye naye hakusema. Alitaja namba tu: kilo arobaini na moja, punguza asidi, pipa lina joto, kilo arobaini na tatu. Katikati alimweleza mzee namna ya kujifunga wavu, kifuani kwanza, kisha mapaja, na mguu uliovunjika uachwe uning'inie. Akamwambia wavu ukishakaza avute kamba mara mbili. Mzee alikuwa ameacha hata kutukana.

Kwenye arobaini na sita sauti ilibadilika. Namba ziliendelea vilevile, bila kukosea, lakini zilisemwa na sauti ya kiwandani, ile ambayo mashine huja nayo ndani ya sanduku, isiyo ya mtu yeyote. Nilisimama na bamba mkononi. Nilitaka kumwambia kitu Ambokile, na nilikuwa nimechelewa kwa bamba moja.

"Arobaini na nane," ilisema sauti ile. "Tafadhali endelea."

Nikaendelea.

Mfuko ulikuwa umesimama wima juu ya ua sasa, mkubwa kuliko nyumba, ukivuta vigingi. Ilipobaki bamba la juu kabisa, sauti ikasema, "Bamba hili lina hesabu. Ukiliondoa mfumo utazimika. Bila hilo mzigo hautainuka. Je, unaamuru?"

Kumwuliza mara ya pili nisingeweza. Hapakuwa na wa kumwuliza.

"Naamuru," nilisema, na redio ikafa shingoni mwangu.

*

Upepo ulinihurumia, haukuvuma. Niliutembeza mfuko kwa kamba mbili mpaka ukingoni, kama mtu anayeongoza ng'ombe mtiifu, nikausukuma juu ya korongo kwa mti mrefu, nikaufunga kwenye kigingi na kumteremshia mzee wavu. Mawingu ya mvua yalikuwa yameshaziba bonde lote la upande wa Mbeya. Nilingoja. Sikuwa na namna ya kujua kama mzee anajifunga au ameamua kufa kwa ukaidi. Ningeweza kumwita, lakini ulimi ulikataa. Nilikuwa sijawahi kumwita.

Kamba ikavutwa mara mbili.

Nilifungua kigingi, nikabaki na kamba moja mkononi. Kwa kitambo hakikutokea kitu, na nikadhani birika la mama lilikuwa na uchafu kuliko tulivyohesabu. Kisha mfuko ukapanda, taratibu sana, na mkwe wangu akatokea nje ya ukingo, mbali na udongo, akining'inia hewani. Alikuwa amejifunika koti kichwani. Mtu anainuliwa kutoka kaburini, na amekumbuka kujifunika koti ili mkamwana asimwone uso.

Nilimvuta njiani, nikaufunga mfuko kwenye nguzo. Mguu nilimfunga kwa mpini wa jembe. Mwili wake ulikuwa mwepesi, na uzito aliouficha ningeweza kuukisia mara tu nilipombeba mgongoni, lakini sikuukisia. Tuliingia ndani matone ya kwanza yakianguka. Nyumba yake ilikuwa imekwenda na poromoko, kwa hiyo paa lilikuwa moja tu.

Nilimlaza kwenye mkeka. Madirisha yalikuwa matundu, jiko lilikuwa limelowa, na kiberiti sikuthubutu kukigusa na mfuko ule uko nje. Nikakaa upande wa pili wa chumba, nimempa mgongo. Huko korongoni nilisikia ukingo ukishuka wote, mlio mrefu, ukafunika kile kibaraza. Rafu ya Karani ilikuwa mbele ya macho yangu. Palikuwa na jicho na spika, na kati yake hapakuwa na kitu.

"Alikubali?"

Nilitazama rafuni kwanza, kungoja nielezwe. Kisha nikaangalia mlangoni nione anasema na nani. Sauti yake bila redio ilikuwa ndogo, ya mzee, yenye mafua.

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angenisuta, na redio ya mzee pengine haikusikia kila kitu kule chini kwenye mwamba. Ingekuwa zawadi kwake, alale akijua mwanawe alimtoa kwa hiari. Lakini lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumwambia mtu huyu, na sikutaka liwe uongo.

"Hapana, baba," nilisema. "Alikataa."

Koti halikutikisika.

"Alisemaje?"

"Alisema hataki."

"Halafu?"

"Halafu akaniambia nianze na mabamba ya chini. Akaendelea kuhesabu mpaka mwisho."

Mvua ilikuwa inaingia kwa madirisha yote. Aliposema tena, alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nilikuwa nikimtuma kisimani anasema sitaki. Kuchunga, sitaki. Kuja kukaa na mimi huku mlimani mama yake alipofariki, sitaki. Kila kitu sitaki. Ukigeuka, unamkuta ameshachukua ndoo." Alivuta pumzi chini ya koti. "Kwako hakuonyesha tabia hiyo. Alikuwa anakuogopa."

Nikageuka. Nilimtazama, mila au hakuna mila. Mikono yake ilikuwa juu ya koti, imejaa udongo, imelishika kwa nguvu pale kwenye uso.

"Basi alikuwa yeye," alisema.

Nikatazama rafuni kwa mazoea, lakini hapakuwa tena na mtu wa kunijibia.